Imani na Moyo Uliopoa: Habari za John Wesley

Mama akienda shambani humfunga mtoto wake mgongoni kwa nguo. Mtoto akiwa macho hulisikia joto la mgongo wa mama yake, huisikia na sauti yake akiimba, naye hutulia. Njiani usingizi humchukua. Sasa hasikii joto wala sauti. Na kama angeulizwa katika ndoto yake mama yake yuko wapi, labda angejibu kwamba hajui. Lakini hajaanguka. Aliyemfunga hakulala, na fundo la nguo linashika vile vile kama lilivyoshika alipokuwa macho.

Watu wengi hawalielewi jambo hili katika mambo ya Mungu. Mwanafunzi mmoja huimba katika ibada ya Pasaka, machozi ya furaha yakamtoka, akasema, "Leo Mungu yu karibu nami." Baada ya mwezi mmoja husali asubuhi na jioni, na moyo wake ni baridi kama jiwe la mtoni, basi husema, "Mungu ameniacha." Mwanafunzi wa pili hajatokwa na machozi ibadani hata siku moja. Akiwatazama wenzake hujisemea, "Hakika mimi si Mkristo, maana sisikii wanayosikia wao." Wote wawili wamekosa kwa namna moja. Wamezifanya hisia za moyo kuwa msingi, wakataka kujenga nyumba juu yake.

Yuko mtu mmoja mashuhuri aliyejaribiwa sana katika jambo hili maisha yake yote, naye ni John Wesley, Mwingereza.

1. Kasisi Aliyeogopa Kufa

John Wesley alizaliwa mwaka wa 1703 katika kijiji cha Epworth. Baba yake alikuwa kasisi, na mama yake, Susanna, aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani. John alisoma katika chuo kikuu cha Oxford, akapewa ukasisi mwaka wa 1728. Huko Oxford yeye na ndugu yake Charles pamoja na rafiki zao walifunga, walisoma Maandiko kwa saa zilizopangwa, wakawazuru wafungwa gerezani. Wenzao waliwacheka kwa kushika sana utaratibu, wakawaita Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu. Jina hilo la dhihaka limedumu, na leo ni jina la kanisa kubwa. Wamisionari wa Kimethodisti walifika pwani ya Kenya mwaka wa 1862, wakaanza kazi yao Ribe, karibu na Mombasa.

Mwaka wa 1735 Wesley alipanda merikebu kwenda Georgia, koloni la Waingereza katika Amerika, akitaka kuwahubiri wenyeji wa nchi ile. Merikebuni walikuwamo Wajerumani 26 wa Kanisa la Moravian. Hilo ndilo kanisa ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, mwaka wa 1891. Wesley aliwaangalia sana watu hao. Walifanya kazi za chini ambazo hakuna Mwingereza aliyekubali kuzifanya, wala hawakutaka malipo. Wakisukumwa au wakipigwa, waliinuka wakaenda zao bila neno la uchungu. Akajiuliza kama upole huo ungesimama hata mbele ya mauti.

Jumapili tarehe 25 Januari, 1736, alipata jibu. Tufani ilikuwa kali. Jioni Wamoravian walikuwa wameanza ibada yao, wanaimba zaburi, mara wimbi likaipiga merikebu, likapasua tanga kubwa vipande vipande, maji yakafunika sitaha yakamiminika chini kwa abiria. Waingereza walipiga makelele ya hofu. Wajerumani waliendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Akajibu kwamba hakuogopa. Akamwuliza tena kama wanawake na watoto wao nao hawakuogopa. Akajibiwa kwa upole kwamba wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa.

Wesley, kasisi wa miaka 32, mwenye elimu ya Oxford, aliyekuwa akienda kuwafundisha wengine, alijua kwamba yeye aliogopa. Alipofika Georgia, kiongozi mmoja wa Wamoravian alimwuliza kama anajua kwamba Kristo amemwokoa yeye mwenyewe. Alijibu kwamba anajua. Lakini akaandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba alihofia majibu yake yalikuwa maneno matupu.

2. Mtu Aliyehubiri Asichokiona

Kazi yake huko Georgia haikufanikiwa kama alivyotumaini. Mwaka wa 1738 alirudi Uingereza mwenye huzuni. Hapo alikutana na Mmoravian mwingine, kijana jina lake Peter Böhler. Wesley alisadiki kwamba hana imani ya kweli, akafikiri kwamba imempasa kuacha kuhubiri; maana mtu awezaje kuwapa wengine asichokuwa nacho mwenyewe? Böhler alimkataza. Alimshauri aihubiri imani mpaka aipate, na akiisha kuipata ataihubiri kwa sababu anayo.

Shauri hili ni la ajabu, na mtu aweza kuliita unafiki. Lakini Böhler hakumwambia ajifanye kuwa na furaha asiyo nayo. Mnafiki huficha hali yake ili asifiwe; Wesley alisema wazi kwamba amepungukiwa. Alilotakiwa kufanya ni kutolipima Neno la Mungu kwa joto la moyo wake mwenyewe. Kama habari njema ni kweli, ni kweli hata siku ile mhubiri wake anapokuwa na huzuni, kama vile mbegu njema huota ijapokuwa mkono wa mpanzi unauma.

Basi Wesley akatii. Tarehe 6 Machi alianza kwa kusema na mfungwa aliyehukumiwa kufa katika gereza la Oxford. Tarehe 27 ya mwezi uo huo alikwenda tena gerezani pamoja na rafiki yake, wakaomba na mtu aliyehukumiwa. Mtu yule alipiga magoti akiwa na uzito na fadhaa nyingi. Baada ya kitambo aliinuka, akasema kwamba sasa yu tayari kufa, kwa maana anajua Kristo ameondoa dhambi zake. Utulivu huo haukumtoka hata alipochukuliwa kwenda kuuawa. Mfungwa alipata amani, naye kasisi aliyemletea amani hiyo alikuwa bado akiitafuta.

3. Saa Tatu Kasoro Robo

Jioni ya tarehe 24 Mei, 1738, Wesley alikwenda kwenye mkutano mdogo wa sala katika mtaa wa Aldersgate, mjini London. Alikwenda bila kupenda. Mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Ilipopata kama saa tatu kasoro robo ya usiku, msomaji akieleza jinsi Mungu anavyougeuza moyo wa mtu kwa imani katika Kristo, Wesley aliusikia moyo wake ukipata joto kwa namna ya ajabu. Alijua kwamba anamtumaini Kristo peke yake, na kwamba dhambi zake mwenyewe zimeondolewa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaombea kwa nguvu watu waliomtendea mabaya. Kisha akawashuhudia wote waliokuwapo.

Watu wengi wakisimulia habari za Wesley huishia hapa, kana kwamba tangu usiku ule hakuona giza tena. Sivyo. Kabla hajaondoka mkutanoni lilimjia wazo hili: hii haiwezi kuwa imani, maana furaha iko wapi? Aliporudi nyumbani alishambuliwa na majaribu mengi. Hapo alianza kujifunza kwamba Mungu huwapa watu furaha kubwa wakati mwingine, na wakati mwingine huizuia, kwa shauri lake mwenyewe.

Mwezi wa Januari, mwaka wa 1739, wakati hata miezi minane haijapita, alijichunguza akaandika kwamba yeye si Mkristo. Alitafuta ndani yake upendo, furaha na amani, asivione. Kama joto la moyo lingekuwa ndio msingi, nyumba yake ingalikuwa imekwisha kuanguka.

Lakini miezi mitatu baada ya kuandika maneno hayo, tarehe 2 Aprili, 1739, alisimama nje karibu na mji wa Bristol akahubiri watu wapata 3,000. Kuhubiri nje ya kanisa aliona ni aibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda adabu na desturi. Akaikubali aibu hiyo, maana wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood na maskini wengine hawakuwa na desturi ya kwenda kanisani. Tangu hapo kazi haikukoma. Alishughulikia shule kwa ajili ya watoto wa wachimbaji. Mwaka wa 1746 alifungua mahali pa kuwagawia maskini dawa. Mwaka wa 1774 alitoa kitabu kidogo cha kuupinga utumwa, uovu ambao watu wa pwani yetu waliujua vema. Hukadiriwa kwamba alisafiri maili 250,000, nyingi za hizo juu ya farasi, na kuhubiri mara 40,000.

4. Barua ya Siri

Mtu akiitazama kazi hiyo aweza kudhani kwamba moyo wa Wesley uliwaka kama tanuru siku zote. Naye pengine angedhani hivyo mpaka leo, kama isingalikuwapo barua moja.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1766, Wesley alimwandikia ndugu yake Charles. Alikuwa na miaka ipatayo 63, na ilikuwa imepita miaka 28 tangu usiku wa Aldersgate. Sehemu za barua hiyo aliziandika kwa maandishi ya mkato, ambayo Charles aliweza kuyasoma. Ndani yake alikiri kwamba haoni kuwa anampenda Mungu, wala haoni kama amepata kumpenda wakati wo wote. Kwamba hana ushahidi ndani yake wa mambo yasiyoonekana kuliko mwanga hafifu walio nao watu wote wenye akili. Tena alisema kwamba hata hivyo hathubutu kuhubiri jambo jingine. Anasukumwa mbele, hajui jinsi gani, wala hawezi kusimama. Anatamani ulimwengu wote upate kile ambacho yeye mwenyewe haoni kama anacho. Bidii yake kwa kazi ya Mungu, alisema, imezidi wala haikupungua. Akamsihi Charles naye asilegee.

Barua hii ni ngumu. Wako waliosema kwamba Wesley alikuwa amechoka siku ile, akajihukumu kuliko ilivyostahili. Huenda ni kweli. Maana mtu asiyempenda Mungu hahuzuniki kwa sababu hampendi. Aliye na kiu ndiye anayetafuta kisima. Lakini haifai kuyapunguza maneno yake ili tupate kufarijika upesi. Alisema kwamba hasikii kitu, na msomaji amwamini kwamba hakusikia.

Sasa yatazamwe mambo mawili kwa pamoja. Hisia zake zilisema kwamba Mungu hayupo karibu naye. Miguu yake ilipanda farasi, ikaenda kwa watu wa Mungu. Mtu aliye na macho aseme: imani ya Wesley ilikuwa katika lipi kati ya hayo mawili?

5. Lililo Msingi

Mtu mwenye kufikiri atauliza, "Kama mtu aweza kuamini asiposikia lo lote moyoni, atajuaje kwamba hajidanganyi?" Swali hili ni jema, wala halifai kunyamazishwa.

Jibu la kwanza ni kwamba hisia zenyewe haziwezi kulitatua. Wako watu waliosikia moyoni kwamba Mungu yu pamoja nao, wakatenda udhalimu kwa jina lake. Wako na waliosikia kwamba wameachwa, huku mikono yao ikiwalisha wenye njaa. Dalili ya mvua ni mawingu, wala si kila wingu hunyesha. Tena mvua ya usiku hunyesha huku waliolala hawajaliona wingu lake. Basi furaha ya moyo si ushuhuda wa kutosha kwamba Mungu yupo, na ubaridi wa moyo si ushuhuda wa kutosha kwamba hayupo. Vyote viwili hutuambia habari za moyo wetu. Mtu akiwa na njaa, au homa, au msiba, moyo wake hubadilika; Mungu habadiliki kwa sababu ya homa ya mtu.

Jibu la pili ni kwamba imani ya Kikristo imejengwa juu ya mambo yaliyo nje ya moyo: Neno la Mungu, na Kristo aliyekuja, akafa, akafufuka. Mwenye kuamini huyashika hayo kama mkulima anayepanda mbegu katika udongo mkavu kabla ya masika. Haoni mvua. Amesikia habari za mvua kutoka kwa waliomtangulia, naye huwaamini kiasi cha kutoa mbegu zake ghalani. Kazi ya mkono wake ndiyo inayoonyesha kwamba ameamini. Na matunda, yakija, yataonyesha kwamba hakupanda bure. Ndiyo maana Maandiko hufundisha kuupima mti kwa matunda yake.

Jibu la tatu ni kwamba njia hii imekwisha kupitwa na wakubwa kuliko Wesley. Ayubu alimtafuta Mungu upande wa mashariki na upande wa magharibi asimwone, lakini alisadiki kwamba Mungu anaijua njia yake. Nabii Eliya alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa huzuni yake, bali alimpa chakula, akamwacha alale, akampa tena. Bwana Yesu mwenyewe msalabani alilia kilio cha mtu aliyeachwa. Lakini kilio hicho hakukitupa hewani. Alikielekeza kwa Mungu, akamwita Mungu wake. Basi mtu aweza kumwambia Mungu kwamba hamwoni. Na kumwambia hivyo ni sala, wala si kukufuru.

Somo hili halisemi kwamba furaha ya moyo ni kitu kibaya. Wesley aliushukuru usiku wa Aldersgate, na kila mtu akipewa usiku kama ule na ashukuru. Chakula kitamu ni zawadi. Lakini mtoto hamwiti mama yake si mama siku ile anayopewa uji bila sukari. Mwanafunzi aliyelia Pasaka na ashukuru kwa machozi yake, kisha asali siku ya baridi kwa maneno machache ya kweli. Mwanafunzi asiyepata kulia asijilazimishe machozi, wala asijifanye kusikia asiyoyasikia. Amsaidie jirani yake, asome, aombe, asubiri. Na ye yote ambaye giza lake ni zito mno asilichukue peke yake. Wesley alimwandikia ndugu yake. Naye amwendee mzazi, au mwalimu, au rafiki anayemwamini.

Wesley aliishi karibu miaka 25 baada ya barua ile. Tarehe 24 Februari, 1791, mzee wa miaka 87, aliandika barua kwa William Wilberforce, mjumbe wa Bunge, akimtia moyo asiache kupigana na biashara ya watumwa. Muda mfupi baadaye alikuwa kitandani, rafiki zake wamemzunguka, sauti yake karibu imekwisha. Alikusanya nguvu zilizobaki akasema kwamba lililo jema kuliko yote ni kwamba Mungu yu pamoja nasi. Akainua mkono wake, akasema neno hilo mara ya pili. Tarehe 2 Machi akafa.

Katika neno hilo hakusema kwamba anasikia joto moyoni, wala hakusema kwamba hasikii. Hakujitaja. Alimtaja Mungu, na Mungu yu wapi. Kijana aliyeogopa mawimbi ya bahari alikuwa amefika ng'ambo, naye hakuogopa.

Maswali

1. Kwa nini Wesley aliwastaajabia Wamoravian merikebuni, hata kabla ya tufani?
2. Peter Böhler alimshauri Wesley nini? Eleza kwa nini kulifuata shauri hilo hakukuwa unafiki.
3. Wazo gani lilimjia Wesley usiku ule ule wa Aldersgate? Alijifunza nini?
4. Katika barua ya mwaka wa 1766 Wesley alikiri nini? Taja jambo moja linaloonyesha kwamba hakuiacha imani yake.
5. "Vyote viwili hutuambia habari za moyo wetu." Eleza maana ya maneno haya kwa mfano wako mwenyewe.
6. Rafiki yako akuambia, "Nimeomba mwezi mzima, wala sisikii kitu." Mwandikie barua fupi ya kumjibu. Usimkemee, wala usimwahidi usichoweza kumpa.